Red Headed Stranger kwenye santuri: kuulinda ukimya wake katika hewa ya Unguja na Pemba

Mwimbaji wa kantri (muziki wa mashambani wa Marekani) Willie Nelson aliirekodi albamu ya Red Headed Stranger Januari 1975 katika studio ya Autumn Sound, mji wa Garland, Texas, na kampuni ya Columbia wakaitoa Mei mwaka huohuo. Anayeiweka kwenye santuri mara ya kwanza hushangazwa na uchache wa vitu vilivyomo. Kuna gitaa la nyuzi za nailoni, piano ya dada yake Bobbie, harmonika ya Mickey Raphael inayopita na kuondoka, ngoma inayopigwa kwa adabu, na sauti ya mtu anayesimulia kana kwamba mmekaa naye barazani. Baina ya sentensi na sentensi hakuna kitu. Wakubwa wa Columbia walipoisikia walidhani ni rekodi ya majaribio iliyoletwa kabla ya kumalizwa.

Utamu wa albamu hii umo katika ukimya huo, na ukimya ndio kitu cha kwanza kuliwa na hewa ya pwani. Katika muziki wenye fidla thelathini chembe ya vumbi hujificha. Hapa chembe moja ya chumvi ndani ya mfuo, ule mstari wa sahani ambamo sindano hupita, inasikika kama kijiti kinachovunjika mbele ya msimulizi. Kwa hiyo kazi karibu yote iliyoelezwa hapa chini ina lengo moja tu: sahani isiseme chochote wakati Willie amenyamaza.

Waasi walimwasi nani

Nashville, kitovu cha kantri huko Marekani, ilikuwa na utaratibu wake miaka ya 1960. Kampuni ilimteua mtayarishaji, mtayarishaji akachagua nyimbo, wapigaji wa kukodi wakaingia studio, na mwishoni zikapakwa fidla na waitikiaji juu. Mwimbaji alikuja kuimba tu, kisha akaenda zake. Waylon Jennings, mwimbaji mwingine wa kantri, kule kampuni ya RCA na Willie Nelson kule Columbia walidai, na wakapata, haki ya kuchagua nyimbo, wapigaji na studio. Hapo ndipo lilipotoka jina la kantri ya waasi. Bunduki na kofia zilikuja baadaye, kwenye majalada.

Mzanzibari ana njia fupi ya kulielewa jambo hili. Fikiri taarab ya klabu kubwa yenye safu ya fidla, ganuni, udi na akodiani, halafu fikiri kidumbak: fidla moja, sanduku, vidumbak viwili, cherewa na mkwasa. Nyimbo zinaweza kuwa zilezile, lakini ala zikipungua kila mpigaji anakuwa uchi, na kila neno la mwimbaji linabeba uzito. Kidumbak kina vishindo na Red Headed Stranger ni tulivu, lakini hesabu ya ala ni moja.

Mwaka 1976 RCA wakakusanya nyimbo za Waylon, Willie, Jessi Colter na Tompall Glaser katika Wanted! The Outlaws, na hiyo ikawa albamu ya kwanza ya kantri kutunukiwa platinamu, yaani nakala milioni moja, nchini Marekani. Ni sahani nzuri na ni rahisi kuipata. Hata hivyo ni mkusanyiko, na nyimbo zake nyingi zilishatoka kabla. Kwa anayetaka kujua kwa nini watu bado wanahangaika na sahani, aanze na ile ya 1975. Ni hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho: mhubiri anamuua mkewe na mpenzi wa mkewe, anatangatanga na farasi wake, na upande wa pili anatafuta njia ya kurudi kuwa mtu. Wimbo wa mhubiri unarudi kila mara kama kiitikio cha msimulizi wa ngano. Simu itakuchanganyia mpangilio na kukutilia wimbo mwingine katikati. Sahani inakulazimisha umsikilize mpaka mwisho wa upande, uinuke, uigeuze.

Kununua na kusafirisha

Mara nyingi sahani hizi zinafika visiwani ndani ya masanduku ya watu wanaorudi kutoka London, Maskati au Dubai, au kwa kuagizwa. Toleo la kwanza la Marekani lina nambari KC 33482 kwenye uti wa jalada, na lebo yake ni nyekundu yenye neno Columbia likizunguka ukingoni. Yenye PC badala ya KC ilikandamizwa miaka iliyofuata. Usilipe ziada kubwa kwa ajili ya herufi hizo. KC iliyochakaa inashindwa na PC safi, na hata na toleo jipya zito la gramu 180, kwa sababu unachonunua ni ukimya.

Ukiishika mkononi, isimamishe chini ya taa moja na uilaze kidogokidogo mpaka mwanga upite juu yake kwa ulalo. Michirizi midogo inayoonekana kwa jicho lakini haishikiki kwa ukucha mara nyingi haisikiki. Mkwaruzo unaoushika ukucha utagonga kila mzunguko, na hakuna maji yatakayouondoa. Rangi ya kijivu juu ya mifuo inayotakiwa kung'aa ni dalili ya sindano nzito iliyoilima; iache. Kisha itazame kwa ubavu usawa wa jicho. Kupinda kidogo kwa jumla kunavumilika, lakini mbonyeo mfupi wa ukingoni humrusha mkono wa sindano. Ukiwa na sahani ya RCA ya zama hizo inayonyumbuka kama karatasi ngumu, usidhani ni bandia. Wao walikandamiza sahani nyembamba makusudi na kuziita Dynaflex.

Anayekutumia kwa posta au kwa mizigo, mwombe mambo mawili. Sahani itolewe ndani ya jalada na ilazwe nyuma yake, ikiwa bado kwenye mfuko wake wa ndani, ili ikicheza njiani isilipasue jalada. Na pande zote mbili ziwekwe ubao wa karatasi uliozidi ukubwa wa jalada kwa sentimita 2 hivi. Ikishafika bandarini Malindi (Unguja) au Mkoani (Pemba), isipandishwe kwenye dashibodi ya gari. Saa moja ya jua la mchana nyuma ya kioo inatosha kuigeuza kuwa bakuli.

Umeme kabla ya kitu kingine

Santuri nyingi nzuri za zamani zinazouzwa mtandaoni ni za Marekani, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50 (mapigo ya umeme kwa sekunde), wa Marekani ni volti 120 na hezi 60. Transfoma ya kushusha volti inatibu jambo la kwanza tu, hezi haizigusi. Kama mota ya santuri inafuata hezi za umeme, sahani inayotakiwa kuzunguka mara 33⅓ kwa dakika itazunguka mara 27.8. Albamu ya dakika 33 itakwenda dakika 40, na sauti ya Willie, ambayo ni nyembamba na ya puani, itashuka karibu nusu-toni tatu. Kwa santuri za aina hiyo zinazozungushwa kwa mkanda wa mpira tafuta puli (kigurudumu kinachovuta mkanda) ya hezi 50 ya modeli ileile. Santuri zinazotumia umeme wa DC kutoka adapta hazina shida hii: badilisha adapta tu. Zilizotengenezewa Uingereza zinakuja zikiwa tayari, hata plagi yake ya pini tatu ni yetu.

Kupima kasi hakuhitaji chombo. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa bamba linalozunguka, chukua simu yenye saa ya kuhesabu, na hesabu mizunguko. Ikitimia 100 katika dakika 3 kamili, iko sawa. Ikizidi au kupungua zaidi ya nusu mzunguko, rekebisha kwa skrubu ya kasi kama ipo, au badilisha mkanda. Mikanda ya mpira hulegea upesi kwenye joto letu, hata santuri isipotumika.

Weka stabilaiza baina ya ukuta na mashine, ile yenye kuchelewesha kurudi kwa umeme. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, inua mkono wa sindano kwa kile kijiti chake kwanza ndipo utafute taa. Ukitumia inveta ya sola, iwe ya wimbi safi. Zile rahisi hutia mlio wa nyuki kwenye spika, na kwa albamu hii utausikia mwanzo hadi mwisho.

Kuosha

Kila sahani ya zamani ioshwe kabla ya kuguswa na sindano, hata ikionekana safi. Sindano inayopita juu ya mchanga laini haiusukumi pembeni. Inausaga ndani ya mfuo, na kuanzia hapo mlio ni wa kudumu.

Maji ya kisima hayafai, na ya bomba mengi hayafai vilevile. Unguja kwa sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe, na maji yanayopita humo hubeba chokaa. Ule ukoko mweupe wa ndani ya birika ndio utakaobaki kwenye mfuo maji yakikauka. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yanaonekana safi lakini yamejaa vumbi na vijidudu vya koga. Unahitaji maji yaliyokenekwa (distilled). Yanapatikana kwenye maduka ya dawa, na vituo vya mafuta huyauza kwa jina la maji ya betri. Soma chupa mara mbili, maana kwa jina hilohilo baadhi ya watu huuza asidi.

Mchanganyiko ni maji yaliyokenekwa lita 1, spiriti ya isopropili ya asilimia 99 mililita 250, na matone 3 ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi wala manukato. Isizidi matone 3, kwani povu ni sabuni, na sabuni ikikauka ni uchafu mpya. Spiriti ya buluu au zambarau usiitumie, wala ile ya kusugulia ngozi, kwa sababu nyingine zimetiwa mafuta ambayo yatabaki kwenye mfuo.

Na kabla hujaendelea: mchanganyiko huu ni wa sahani za plastiki peke yake. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe na za Chake Chake bado zina masanduku ya sahani za mizunguko 78, za zama za mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Sahani hizo nzito, zinazovunjika kama kigae, zimetengenezwa kwa shelaki, aina ya utomvu mgumu, na spiriti huiyeyusha shelaki. Tone moja linatosha kuharibu kitu kisicho na badali. Zioshe kwa maji yaliyokenekwa na sabuni kidogo sana, bila spiriti, na uzikaushe papo hapo. Sindano nayo ni tofauti: mfuo wa 78 ni mpana, unataka sindano ya takriban maikroni 76, na ya sahani ndefu ni kama maikroni 18. Kinyume chake, gramafoni ya pembe yenye sindano za chuma isiiguse Red Headed Stranger hata kwa kujaribu.

Tandika taulo safi mezani, funga madirisha, zima feni. Funika lebo kwa kifuniko cha bakuli cha plastiki chenye upana wa sentimita 10 au 11, ukikibana kwa mkono. Pita kwanza kwa brashi laini kavu kufuata mzunguko. Ukipita kukata mifuo unauingiza uchafu ndani badala ya kuutoa. Mimina kiasi cha vijiko 3 vya chai vya dawa, isambaze kwa brashi ya pili, acha dakika 2, kisha zungusha mara 10 kulia na mara 10 kushoto kwa uzito wa brashi yenyewe. Futa kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Halafu rudia kwa maji yaliyokenekwa matupu. Watu huiruka hatua hii ya kusuuza kwa kuwa sahani inang'aa tayari, kisha wanashangaa sindano inapotoka na uzi wa kijivu baada ya wimbo wa pili. Ni mabaki ya sabuni hayo.

Geuza, fanya upande mwingine, simamisha kwenye kichanja cha vyombo kilichooshwa. Nusu saa inatosha wakati wa kaskazi. Wakati wa masika mpe saa nzima au zaidi.

Koga ni kesi yake peke yake. Inaonekana kama madoa ya maziwa au utando wa buibui, na mizizi yake imeingia kwenye mfuo. Vaa barakoa, toka uwani kivulini, piga brashi kavu upepo ukikupa mgongo, halafu osha mara mbili, dawa ikikaa dakika 4 badala ya 2. Mfuko wa zamani wa karatasi utupe. Ukimrudisha mle mgonjwa atarudi na maradhi yaleyale. Jalada lifutwe kwa kitambaa kikavu na lianikwe kivulini siku mbili tatu za Januari au Februari, hewa ikiwa kavu. Jua litaliua koga na rangi pamoja.

Mahali pa kukaa

Nyumba za mawe na chokaa zinavuta maji kutoka chini, na ukuta unaotazama nje ndio wenye unyevu zaidi. Rafu isiguse ukuta huo. Acha nafasi ya sentimita 10, na chini inuka sentimita 15 kutoka sakafuni. Sahani zisimame wima, zikiwa zimebanana kiasi cha kuweza kuvuta moja bila kulazimisha. Kulaza moja juu ya nyingine ni kuzipinda, na ya chini ndiyo inayoumia.

Nunua kipima unyevu kidogo cha betri. Hewa ya baina ya asilimia 40 na 50 ni nzuri. Ikipanda juu ya 65 kwa wiki nzima, koga inakuja. Katika kabati lililofungwa vizuri weka gramu 200 za silika, ile yenye chembe zinazobadilika rangi, na zikishabadilika zikaushe kwenye oveni ya moto mdogo. Wenye kuweka karafuu kuzuia wadudu wa karatasi waziweke kavu ndani ya kifuko cha kitambaa, mbali na sahani. Mafuta ya karafuu yakiigusa plastiki yanailainisha.

Sindano na mkono

Ghorofa za zamani zimelala juu ya boriti za mikoko, na hatua ya mtoto inafika kwenye sindano. Rafu iliyopigiliwa ukutani (ukuta wa ndani) ni bora kuliko meza yoyote. Tumia pimamaji kwenye bamba, mbele-nyuma na kulia-kushoto. Kisha:

1. Toa kifuniko cha sindano, weka kizuia-mteremko (kinachozuia mkono kuvutwa kuelekea katikati) kwenye 0, na zungusha uzani wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe sambamba na bamba.
2. Bila kuuzungusha uzani, geuza pete ya namba ifike 0.
3. Sasa zungusha vyote viwili pamoja kufikia uzito unaotakiwa na katriji yako, yaani kile kichwa kinachobeba sindano: gramu 2.0 kwa Audio-Technica VM95E, gramu 1.8 kwa Ortofon 2M Red.
4. Weka kizuia-mteremko kwenye namba hiyohiyo.

Mizani ndogo ya kidijitali, ya aina ya masonara, inathibitisha kazi hiyo vizuri kuliko pete. Watu huogopa uzito mkubwa na kuweka mdogo kuliko uliotakiwa, lakini sindano nyepesi mno ndiyo inayodunda ndani ya mfuo na kuung'ata. Santuri za mkoba za bei ya chini zinakandamiza kwa gramu 5 hivi na hazina marekebisho. Hizo ni za kuchezea sahani usizozijali.

Katriji inatoa milivolti chache tu, kwa hiyo inapita kwenye priampu ya fono, kikuzaji kidogo cha santuri, kabla ya amplifaya. Ukiichomeka kwenye tundu la AUX utapata sauti ya mbali, nyembamba, isiyo na besi. Waya mwembamba wa athi unaotoka kwenye santuri ufungwe kwenye skrubu ya priampu. Ukisahaulika, mvumo hautaondoka. Mvumo ukiendelea baada ya kuufunga waya huo, tenga waya za katriji na za umeme, zisilale pamoja.

Kuisikiliza

Chagua saa baada ya Isha, barabara ikishatulia. Zima feni kwa huo muda, kwani mvumo wake uko palepale alipoacha nafasi Willie. Sauti iwe ya mtu anayezungumza chumbani. Ukipandisha zaidi unakuza mchakacho bila kumkaribia msimulizi.

Upande wa kwanza, sikiliza nyuzi. Gitaa lile ni Martin N-20 aliloliita Trigger, alilonunua mwaka 1969. Ni gitaa la kupigwa kwa vidole, halina bamba la kulinda mbao, na miaka ya kulipiga kwa kipande cha plastiki imelitoboa tundu ubavuni mwa tundu lake la asili. Sindano ikikaa sawa utasikia nyuzi za chini zikitoa ukavu kidogo mwanzo wa kila noti kabla ya utamu kufuata. Ukisikia utamu mtupu, sindano ni chafu au imekwisha. Kwenye Blue Eyes Crying in the Rain, wimbo wa Fred Rose ambao Roy Acuff aliuimba miaka ya 1940 na ambao ulimpa Willie namba moja yake ya kwanza ya kantri akiwa mwimbaji, sikiliza herufi "s". Zikifoka kama mafuta ya kukaangia, katriji haijakaa kwenye pembe yake; chukua karatasi ya kupimia pembe ya katriji na uilinganishe upya katika nukta mbili, milimita 66 na 120.9 kutoka katikati.

Piano ya Bobbie inafaa kupimia pia. Noti ndefu ya piano haidanganyi: ikiyumba kama inayopepesuka, ama mkanda umelegea ama tundu la sahani haliko katikati. Upande wa pili, Down Yonder inampa yeye uwanja mzima, na ni mahali pa raha kabisa baada ya damu yote ya upande wa kwanza.

Baada ya kila upande futa sindano kwa brashi yake kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kwenda nyuma wala pembeni. Andika saa zake kwenye kipande cha karatasi chini ya kifuniko. Sindano ya kawaida ikifika saa 500, sawa na kuisikiliza albamu hii mara 900 hivi, iangaliwe kwa lenzi au ibadilishwe. Sahani irudi kwenye mfuko mpya, mdomo wa mfuko ukitazama juu ndani ya jalada, na kifuniko cha santuri kifungwe usiku huohuo, kabla upepo wa alfajiri haujaleta chumvi yake.